Sauti inavyomwongoza asiyeona kuandika kwa kompyuta

MWENYE macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Lakini anayeandika kwa kompyuta ilhali haoni hana budi kuambiwa: ni herufi gani aliyobonyeza, ni neno gani lililotokea na ni wapi alipokosea. Kazi hiyo hufanywa na sauti ya programu. Jinsi sauti hiyo ilivyopangwa ndiyo huamua iwapo mtu ataandika barua yake ya kuomba kazi mwenyewe, au atalazimika kutafuta wa kumsomea kabla ya kuituma.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mapema katika karne ya 19, Mwitaliano Pellegrino Turri aliunda mashine ya kupiga chapa iliyomwezesha Carolina Fantoni, mwanamke wa tabaka la juu aliyekuwa kipofu, kuandika barua. Baadhi ya barua hizo, za kuanzia mwaka 1808, zimehifadhiwa hadi leo. Mashine ilimpa uwezo wa kuandika, ila haikumpa uwezo wa kukisoma alichokiandika.

Pengo hilo lilianza kuzibwa kompyuta zilipopewa sauti. Mwaka 1989 kulitolewa JAWS, programu iliyoasisiwa na Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuunda NVDA, ambayo hutolewa bila malipo. Programu za aina hii huitwa visoma-skrini, kwa kuwa husoma kwa sauti yale ambayo mwenye macho huyaona kwenye kioo cha kompyuta. Simu za iPhone na za Android zilianza kuwa na visoma-skrini vyake mwaka 2009.

Katika uandishi, sauti hutumika kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutaja kila herufi inapobonyezwa. Njia hii humfaa anayeanza kujifunza, ambaye vidole vyake vingali vinatafuta vijinundu vilivyo kwenye vitufe vya F na J ili vijue mahali pake. Ya pili ni kungoja hadi neno likamilike, kisha kulitaja lote. Hii humfaa mzoefu, ambaye kutajiwa kila herufi humchosha na kumkatiza mawazo. NVDA humwachia mtumiaji achague njia moja, zote mbili, au asitajiwe lolote. Uhuru huo ni wa lazima, kwa sababu anachohitaji mwanafunzi katika juma la kwanza sicho atakachohitaji baada ya mwaka.

Jambo la pili ni wepesi. Sauti ikichelewa hata kidogo, mwandishi huwa amekwisha kubonyeza herufi nyingine, na hawezi tena kujua ni ipi inayotajwa. Kwa hivyo kitufe kipya sharti kikatize maneno ya kitufe kilichotangulia. Hii ndiyo sababu watumiaji wengi wazoefu hupendelea sauti kavu ya mashine inayosikika vyema hata ikienda mbio, kuliko sauti tamu ya kibinadamu inayojivuta.

Aidha, sauti inapaswa kusema kwa uchache. Herufi kubwa inaweza kutambulishwa kwa kupandisha kiimbo, pasipo kusema maneno “herufi kubwa” kila mara. Kitufe cha kufutia kinapobonyezwa, programu hutaja herufi iliyofutwa, ili mwandishi ajue ameondoa nini. Nacho kitufe cha kufungia herufi kubwa kikiachwa wazi kwa bahati mbaya, mlio mfupi hutosha kumtahadharisha.

Kuna pia mahali ambapo sauti lazima inyamaze. Mtu anapoandika nywila, kisoma-skrini hutaja neno moja tu, kama vile “nyota”, kwa kila herufi. Mtumiaji huthibitisha kwamba amebonyeza kitufe, lakini aliye karibu naye haambulii siri. Bila mpango huo, asiyeona angejitangazia nambari yake ya siri mbele ya wateja wote wa mkahawa wa intaneti.

Kwa waandishi wa Kiswahili, suala hili lina uzito wa ziada. Sauti iliyotengenezewa Kiingereza hutaja herufi kwa majina ya Kiingereza. Mtoto aliyefunzwa irabu za Kiswahili akibonyeza e, husikia “i”. Akibonyeza i, husikia “ai”. Na akibonyeza a, husikia “ei”. Amebonyeza kitufe sahihi, lakini mashine inamwambia alichokiona masikioni mwake kuwa ni kosa. Zipo sauti za Kiswahili, mojawapo ikiwa katika eSpeak NG, programu ya sauti inayoambatana na NVDA. Hata hivyo, ni sharti mtu aichague.

Kiswahili kina faida yake. Kwa kuwa huandikwa jinsi kinavyotamkwa, makosa mengi ya tahajia husikika neno linapotajwa. Anayeandika “kitadu” badala ya “kitabu” hugundua mara moja. Hata hivyo, yapo makosa yanayolipita sikio. “Kwa sababu” na “kwasababu” husikika sawa, na sauti iendayo kasi huficha tofauti ya “kua” na “kuua”. Katika hali hizo, mwandishi hulazimika kurudi nyuma na kusikiliza herufi moja moja. Majina ya herufi nayo hufanana: be, de, pe na te zote huishia kwa irabu ile ile. Ndipo mbinu ya kuambatanisha herufi na neno, mathalani “b ya baba” na “d ya dada”, inapofaa.

Ritifaa nayo ni mtego. Programu isiyofahamu Kiswahili inaweza kuichukulia alama iliyomo katika “ng'ombe” kuwa ndiyo mwisho wa neno, ikataja “ng” kisha “ombe”.

Programu za kufunza uchapaji huleta tatizo lingine. Nyingi zina sauti yake zenyewe. Zikitumiwa pamoja na kisoma-skrini, sauti mbili huzungumza kwa wakati mmoja na mwanafunzi asisikie lolote. Ufumbuzi ni programu kukabidhi maneno yake kwa kisoma-skrini, au kisoma-skrini kunyamazishwa kwa muda. Vilevile, mwanafunzi akikosea, mlio mfupi na jina la herufi inayotakiwa humsaidia zaidi kuliko sentensi ndefu ya kumkosoa.

Humu nchini, shirika la inABLE, lililoasisiwa mwaka 2009, limeanzisha maabara za kompyuta katika shule za wasioona, zikiwemo za Thika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali kuendeleza matumizi ya Breli pamoja na teknolojia za mawasiliano zinazoweza kufikiwa na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, kompyuta iliyo na sauti isiyofaa haimfikishi mwanafunzi mbali.

Mtayarishaji wa programu au mwalimu anaweza kuipima sauti kwa njia rahisi. Azime kioo cha kompyuta, aandike aya moja ya Kiswahili, akosee makusudi mara tatu, kisha ayatafute makosa hayo na kuyasahihisha kwa kusikiliza tu. Akishindwa, basi mwanafunzi asiyeona naye atashindwa, na lawama haitakuwa yake.