Messenia: Ngano za Mabwana na Ngano za Watwana

Historia ya Ugiriki ya kale imezoeleka kusimuliwa kama historia ya wafalme, wanafalsafa na mashujaa. Jasho la waliowalisha mashujaa hao hutajwa pembeni tu. Katika makala hii tutaitazama Messenia, jimbo la kusini-magharibi ya Ugiriki, ambalo watu wake walikuwa watwana wa Sparta kwa karne kadhaa. Tutaona kwamba ngano nazo ni silaha katika mapambano ya matabaka.

Chanzo cha mgogoro kilikuwa ardhi. Bonde la mto Pamisos lina rutuba kubwa. Wasparta, waliokaa ng'ambo ya mlima Taygetos, waliivamia Messenia katika karne ya 8 K.K., na vita vya pili katika karne ya 7 vikaimarisha utawala wao. Wenyeji wengi wakafanywa Heloti, yaani watwana waliofungwa kwenye ardhi iliyokuwa yao. Tyrtaeus, mshairi wa Sparta, aliwafananisha na punda waliolemewa mizigo, wanaowapelekea mabwana nusu ya mavuno. Huyo ni shahidi wa upande wa wanyonyaji wenyewe.

Bwana wa Sparta hakulima. Kazi yake ilikuwa vita. Lakini jeshi hilo lililosifiwa kote liliishi kwa hofu ya watu waliolilisha. Aristotle alieleza kwamba kila mwaka viongozi wa Sparta waliwatangazia Heloti vita rasmi, ili kuwaua kusihesabiwe dhambi. Thucydides naye anaeleza jinsi Heloti wapatao 2,000, waliochaguliwa kwa ushujaa na kuahidiwa uhuru, walivyotoweka.

Unyonyaji wa aina hiyo hauwezi kudumu kwa mkuki peke yake. Huhitaji pia kasumba. Ilisimuliwa kwamba wazao wa Herakles waliigawana nchi kwa kura, na Cresphontes akaipata Messenia. Wasparta wakaongeza kwamba Cresphontes aliuawa na raia zake, na wanawe wakaikabidhi nchi kwa Sparta. Hivyo wizi wa ardhi ukageuzwa kuwa urithi.

Watwana hawakukubali. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 464 K.K. hivi, waliasi na kujiimarisha juu ya mlima Ithome, mahali pa ibada yao ya Zeus. Sparta iliomba msaada wa Athens, kisha ikawarudisha askari hao kwa hofu kwamba wangewaunga mkono waasi. Baada ya miaka ya kuzingirwa, waasi waliondoka kwa mapatano, wakahamia Naupactus.

Mwaka 371 K.K. jeshi la Thebes, likiongozwa na Epaminondas, liliishinda Sparta huko Leuctra. Mwaka 369 mji wa Messene ukajengwa chini ya Ithome, na Wamessenia waliotawanyika ng'ambo wakarudi. Ndipo zilipostawi ngano za Aristomenes, shujaa wa vita vya pili, aliyetupwa katika shimo la mauti akatoka kwa kumfuata mbweha. Taifa lililonyimwa historia lilikuwa linajitungia yake. Sparta nayo haikunyamaza: Isocrates aliandika hotuba kwa sauti ya Archidamus, mwana wa mfalme wa Sparta, akidai Messenia kwa ngano ile ile ya Cresphontes.

Hata hivyo tusiupake rangi ushindi huo. Thebes ilitaka kuivunja nguvu Sparta; haikukusudia kufuta utumwa, nao uliendelea kote Ugiriki. Taifa lilikombolewa, lakini mfumo ulibaki.

Kwa hiyo, Ndugu, kada anaposoma ngano, ya Ugiriki au ya kwingineko, asiishie kuuliza kama ni kweli. Aulize pia: wakati inasimuliwa, nani alikuwa analima, na nani alikuwa anakula?