Sheria ya Kompyuta Uganda: Kutoka Kulinda Mitambo hadi Kuchunga Maneno

Hapa kwetu Kinyamaseke, kwenye barabara iendayo Bwera na mpaka wa Kongo, fedha za wafanyabiashara wengi zimo ndani ya simu. Huduma hiyo ilianza Uganda mwaka 2009. Mwaka 2011 Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilianza kutumika. Ikawa kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, kubadilisha data zake au kuzuia isifanye kazi.

Hata hivyo, kesi mojawapo iliyoitangaza sana sheria hiyo haikuhusu udukuzi. Agosti 2019 Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi la kumshambulia Rais Museveni aliloliweka Facebook. Mahakama Kuu ilimwachilia Februari 2020.

Oktoba mwaka huohuo, wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha malipo ya benki na simu. MTN, Airtel na benki ya Stanbic zikasimamisha kwa muda baadhi ya huduma za kutuma fedha.

Marekebisho ya 2022 yaliongeza makosa mengine ya maneno. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi.

Kwa maoni yangu, sheria hii ilipoteza njia ilipoanza kufuata wasemaji. Muuza samaki wa Kinyamaseke anahitaji ulinzi wa akiba yake, na pia uhuru wa kulalamika akiibiwa.