Askofu Mkuu, Mang'u na Ikulu

Historia ya ukanda wa Ruiru na Thika husimuliwa zaidi kwa mashamba: kahawa, mkonge, mananasi na walowezi waliomiliki vilima vya huko. Simulizi hiyo ina haki yake, lakini inaliacha nje Kanisa Katoliki, ambalo lilijenga hapa mamlaka ya kisiasa kwa njia ya darasa.

Mwaka 1925 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha shule Kabaa, upande wa Machakos. Mwaka 1940 ikahamishiwa Mang'u, kwenye miinuko ya Gatundu. Wakati ule elimu ilikuwa uwanja wa vita. Mgogoro wa tohara ya wasichana wa 1929 ulikuwa umewatenga Wakikuyu wengi na misheni za Kiprotestanti, wakajifungulia shule zao huru. Wakatoliki hawakuwawekea waumini sharti kali la kuikana tohara hiyo. Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952, na serikali ya kikoloni ikazifunga shule huru, kikiwemo chuo cha Githunguri. Kwa kijana mwenye akili na wazazi wasio na kitu, mlango uliobaki wazi mara nyingi ulikuwa wa misheni.

Katikati ya msukosuko huo, Machi 1953, Nairobi ikawa jimbo kuu, na John Joseph McCarthy kutoka Ireland akawa askofu wake mkuu wa kwanza. Thika na Ruiru ziko ndani ya jimbo hilo.

Ukubwa wa cheo hicho hupimika vizuri ukikitazama kwa jicho la Ujerumani ya zama za kati. Mwaka 1180 Philipp von Heinsberg, Askofu Mkuu wa Köln, alipewa na Kaisari Friedrich Barbarossa utawala wa Westfalen, akawa mtawala mwenye askari na kodi. Sheria ya 1356 ikawapa maaskofu wakuu wa Köln, Mainz na Trier kura tatu kati ya saba za kumchagua mfalme. McCarthy hakuwa na askari hata mmoja, wala kura ya namna hiyo.

Kilichokuwa mikononi mwa Kanisa lake ni vijana. Tom Mboya alisoma Mang'u katikati ya miaka ya 1940, akaondoka kwa kukosa karo na kwenda Nairobi kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Chama cha wafanyakazi kikamfikisha kwenye siasa. Mwai Kibaki aliingia 1947, akatoka 1950 kuelekea Makerere. Baadaye akaja George Saitoti. Ukimwongeza Moody Awori, shule hii moja imeipa Kenya makamu wa rais watatu, na mmoja wao, Kibaki, akawa rais 2002.

Lakini mamlaka huweza kumponyoka askofu, kama Köln ilivyomponyoka wake. Mwaka 1288, kwenye mapigano ya Worringen, Siegfried von Westerburg alitekwa, na tangu hapo watu wa mji wakajitawala. Hapa kwetu hakukumwagika damu: Sheria ya Elimu ya 1968 ilizitia shule za misheni mkononi mwa serikali, Kanisa likabaki mfadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mang'u yenyewe ikahamia karibu na mji wa Thika.

Hapo mamlaka ya Kanisa yakahamia kwenye sauti. Maurice Otunga, mtoto wa chifu wa Kibukusu aliyekataa kurithi uchifu wa baba yake ili awe padre, akawa askofu mkuu mwaka 1971 na kadinali 1973. Katika enzi yake maaskofu walipinga upigaji kura wa mlolongo, na mwaka 1992 waraka wao wa kichungaji ukadai mageuzi. Ulisomwa mimbarini, mbele ya watu ambao redio ya taifa isingewaambia neno kama hilo. Huo ulikuwa ujasiri wa kweli, na Rais Moi aliusikia.

Leo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili uwakilishi kwenye bodi ya shule, nafasi ya kutoa maoni kuhusu mitaala, na jukumu la kulea imani ya wanafunzi. Kuajiri na kuhamisha walimu ni kazi ya tume ya serikali.