Pumzi ya Motokaa

Leo tutazungumza juu ya pumzi ya motokaa. Je, motokaa hupumua? Naam, hupumua. Petroli haiwezi kuwaka bila hewa. Ili kuchoma kilo moja ya petroli, injini huhitaji kilo 15 hivi za hewa. Basi kwa lita moja tu ya petroli, injini huvuta lita 9,000 hivi za hewa. Tukipima kwa madebe ya lita 20, tutapata madebe 450. Fanyeni hesabu hiyo katika madaftari yenu.

Motokaa za kwanza, zilizotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1880 na 1890, hazikuwa na chujio la hewa. Injini ilivuta hewa pamoja na vumbi la barabarani. Na vumbi ni mchanga mdogo sana. Likiingia katika silinda, hula kuta zake na ringi za pistoni, kama msasa ulavyo ubao. Mwisho wake injini huchoka, hunywa mafuta na kutoa moshi mwingi.

Baadaye wahandisi walitengeneza chujio la mafuta. Hewa iliingia katika kopo, ikageuka kwa ghafula juu ya mafuta. Vumbi ni zito, halikuweza kugeuka upesi. Likaangukia mafuta likanaswa. Hewa ikapanda katika nyuzi za chuma, ikaingia kwenye injini ikiwa safi. Mwenye gari alipaswa kumwaga mafuta yale machafu, kuosha kopo, na kutia mafuta mapya.

Volkswagen ile ndogo, yenye mgongo wa mviringo, ilikuwa na chujio la namna hiyo. Nayo ilipata mtihani mkali hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara nyingi za udongo. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda kwa Volkswagen, wakiyaacha nyuma magari yenye nguvu zaidi. Katika safari ndefu ya vumbi, nguvu peke yake haitoshi. Injini lazima ifike ikiwa nzima.

Adui wa pili ni maji. Mwaka 1963, wakati wa mvua kubwa, magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7 tu. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda, lakini maji hayashindiliki. Injini ikivuta maji, pistoni husimama kwa ghafula, na mkono wake wa chuma hupinda. Kwa hiyo magari ya mashindano yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Toyota Celica ya Juha Kankkunen wa Finland, iliyoshinda Safari mwaka 1993, ilikuwa na bomba kama hilo. Mdomo wake ulikuwa juu, mbali na maji ya mtoni.

Siku hizi maduka ya vipuri huuza mabomba ya hewa yanayong'aa, ya kufungwa katika magari madogo. Wauzaji husema kwamba gari litapata nguvu. Neno hilo lina asili ya kweli, kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, na huchoma petroli nyingi zaidi. Lakini chujio likikaa wazi karibu na injini, litavuta hewa ya moto. Bomba likishushwa chini nyuma ya bampa, litavuta maji ya dimbwi. Na chujio lenye matundu makubwa hupitisha vumbi. Katika gari dogo, nguvu inayoongezeka huwa kidogo. Hasara yaweza kuwa injini nzima. Kwa mwenye teksi, injini ni chakula cha watoto wake.

Basi kabla ya kununua, mwulizeni fundi mambo matatu. Mdomo wa bomba utakaa wapi? Chujio lake huzuia vumbi la barabara zetu? Viungo vyote vimekazwa? Tundu dogo baada ya chujio huingiza vumbi bila kizuizi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini vumbi huharibu injini?
2. Kwa nini bomba la Toyota ya mwaka 1993 lilipandishwa juu?
3. Barabara ya kwenu ina adui gani zaidi, vumbi au maji?