Bambo la Takwimu: Sampuli Katika Historia ya Ufipa

Mnunuzi wa mahindi anayeijua kazi yake hamwagi gunia chini ili alikague. Hulichoma kwa bambo, ubavuni, katikati na chini, akatazama punje zilizotoka, kisha akataja bei. Akichoma mdomoni peke yake ameliwa, kwa maana huko ndiko muuzaji alikoweka punje safi. Watu wa Chanji, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, hawahitaji kufundishwa hilo. Kinachozungumzwa kwa nadra ni kwamba serikali nayo huwajua raia wake kwa njia hiyohiyo, na imefanya hivyo tangu mwaka 1948.

Kabla ya hapo idadi ya watu ilitoka vinywani mwa majumbe. Waingereza walitoa hesabu za Waafrika wa Tanganyika mwaka 1921 na tena 1931, zote zikitegemea machifu na watu wao. Kodi ya kichwa ilikuwapo, na aliyeandikwa leo aliweza kutozwa kesho; sishangai kama baadhi ya vijana hawakuonekana siku ya kuhesabiwa. Hesabu ya 1931 ilitaja Waafrika milioni 5 na kidogo. Ile ya 1948 ikakuta milioni 7.4. Waliozaliwa kati ya miaka hiyo walikuwa wengi, lakini wengine walikuwapo siku zote, ila hawakuonwa.

Agosti 1948 watu walihesabiwa wote kwa maswali machache. Baadaye makarani wakarudi kwa sampuli ya asilimia 10, wakiuliza kwa kina zaidi kuhusu umri, watoto waliozaliwa na waliofariki. Makarani waliosoma walikuwa haba, na fedha pia. Kwa maoni yangu uhaba huo ulizaa busara: karani mmoja makini katika vijiji vichache hushinda kumi wanaobahatisha nchi nzima.

Ulaya yenyewe ilichelewa kukubali. Anders Kiær wa Norwei alipopendekeza sampuli mwaka 1895, wanatakwimu wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1934 Jerzy Neyman alieleza kwa hesabu kwa nini bahati nasibu ndiyo inayoipa sampuli haki ya kuwasemea wasioulizwa. Miaka miwili baadaye gazeti la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na bado likamtabiria urais Landon, aliyebwagwa vibaya na Roosevelt. Wingi wa majibu haukuliokoa.

Turudi Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi: mahindi, maharage, ulezi. Mtu akihukumu kwa kutazama maghala, atasema njaa haipo na watoto wananawiri. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuja na jibu jingine. Yalichaguliwa maeneo 608 ya kuhesabia watu nchini, kila eneo kaya zake zikaorodheshwa, zikatolewa 22 kwa nasibu, na watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa urefu na uzito. Udumavu kitaifa ulikuwa asilimia 34. Rukwa ulikuwa asilimia 56. Hakuna hesabu ya magunia ambayo ingeweza kuonyesha hilo, kwa kuwa mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akakosa protini na vitamini, au akaugua kwa sababu ya maji machafu.

Hata hivyo, ukigawa maeneo hayo 608 kwa mikoa 30 ya wakati ule, kila mkoa unapata wastani wa maeneo 20 hivi, yaani kaya zisizofika 450. Zinatosha kuusemea mkoa, tena kwa kuacha nafasi ya makosa juu na chini. Kata moja haziwezi kuisemea. Kiongozi anayesimama mkutanoni na kusema asilimia 56 ya watoto wa Chanji wamedumaa, anaipa takwimu mzigo isioweza kuubeba. Daftari la kliniki nalo halitoshi, maana linawajua waliofika tu.

Utafiti wa 2022 uliikuta nchi kwenye asilimia 30 na Rukwa karibu 50. Halmashauri inayotaka kujua hali ya Chanji yenyewe iorodheshe kaya za mitaa yote, ichague kwa nasibu, na ikapime watoto wa kaya iliyotoka, hata kama iko mbali na barabara.