Taimingi ya Land Cruiser kuukuu: cheche itoke lini?

LAND CRUISER za petroli zilizoundwa katika miaka ya 1970 na 1980 zingali zinaonekana katika barabara za Afrika Mashariki. Nyingi kati yazo ziliondoka kiwandani na injini ya Toyota iitwayo 2F, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2.

Injini hii haina kompyuta. Wakati wa cheche hupangwa kwa mkono, kwa kuzungusha distribyuta, na kosa la digrii chache laweza kutoboa pistoni. Cheche ikiwahi kupita kiasi, injini hurudi nyuma ghafla wakati wa kuwashwa, na anayetumia hendeli ya mkono huweza kuvunjika kifundo.

Petroli haiungui papo hapo. Ndiyo maana cheche hutolewa kabla pistoni haijafika kileleni: kwa 2F ni digrii 7 kabla ya kilele, injini ikinguruma polepole. Kasi ikipanda, vizito vilivyomo ndani ya distribyuta huongeza digrii vyenyewe.

Kazi huanzia kwenye pointi, si kwenye taa. Mwanya wake uwe milimita 0.45, kwa kuwa ukipanuliwa cheche huwahi na ukipunguzwa huchelewa. Anayepanga taimingi kwanza kisha akagusa pointi hana budi kuanza upya, jambo ambalo mafundi wenye haraka hulipuuza mara nyingi.

Injini ipate moto wa kawaida, gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Mpira mwembamba wa hewa uendao kwenye distribyuta uchomolewe na mdomo wake uzibwe. Taa ya taimingi huunganishwa kwenye betri na kwenye waya wa plagi ya kwanza, iliyo karibu na rejeta. Waya na nguo zikae mbali na feni.

Alama haiko mbele kwenye puli kama ilivyo kwa magari mengi. Iko nyuma, katika tundu dogo juu ya starta, na ni kidonge cha chuma kilichopachikwa kwenye gurudumu zito la injini. Kwa kuwa uchafu hukificha, kipanguswe na kutiwa rangi nyeupe. Taa ikimulika, kidonge kionekane kimesimama mbele ya ncha ya kielekezi.

Kisipokuwa hapo, legeza boliti ya distribyuta na uizungushe taratibu. Ukiizungusha kinyume cha mwendo wa rota, cheche huwahi. Ukifuata mwendo wake, huchelewa. Distribyuta huzunguka nusu ya kasi ya injini, hivyo digrii moja juu ni digrii mbili chini.

Asiye na taa hiyo hatakwama. Balbu ndogo huunganishwa kati ya waya unaotoka kwenye koili kwenda kwenye pointi na bodi ya gari. Swichi ikiwa imefunguliwa, injini huzungushwa kwa mkono hadi kidonge kifike kwenye kielekezi, kisha distribyuta husogezwa mpaka balbu iwake, yaani pale pointi zinapoachana.

Hapo pana mtego. Silinda ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, na kidonge huonekana pia silinda ya kwanza inapotoa moshi. Ziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole. Upepo ukikisukuma, ndiyo zamu yake. Waya za plagi hufuata utaratibu wa 1-5-3-6-2-4.

Cheche iliyochelewa hula petroli, hupunguza nguvu na kuchemsha injini. Iliyowahi hujulikana kwa mlio wa kokoto gari linapopanda mlima likiwa na mzigo, na hapo dereva apunguze mafuta mara moja.

Mwinuko nao una neno. Hewa ya Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, na injini huvumilia digrii za ziada bila kulalamika. Gari hilo likishuka Mombasa na shehena, mlio huanza. Distribyuta nyingi za 2F zina kirungu kidogo ubavuni cha kusogeza digrii chache bila spana. Kiwekwe katikati wakati wa kupanga, kisha kirudishwe nyuma kidogo kabla ya safari ya pwani.