Hola, mji unaoutegemea mto

Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River nchini Kenya, uko ukingoni mwa Tana, mto mrefu kuliko yote nchini humo. Ukitoka hatua chache nje ya mji ni nyika, vumbi na joto. Mvua ni haba, kwa hiyo maembe, ndizi na mpunga vinavyostawi hapo ni hisani ya Tana. Wapokomo hulima na kuvua. Waorma, wafugaji, hushusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi kwa njia ziitwazo malka, na malka ikishalimwa, ugomvi haukawii.

Maji hayohayo ndiyo yaliyoufanya mji ujulikane duniani. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo skimu ya umwagiliaji, na baadaye ikaijenga kwa jasho la watu waliozuiliwa kwa tuhuma za kuunga mkono Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni. Tarehe 3 Machi 1959 kundi lililokuwa limegoma kufanya kazi lilitolewa kambini kwa nguvu kwenda kuchimba mfereji. Askari jela wakawashukia kwa marungu, wakafa watu 11. Taarifa ya serikali ikadai kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Uchunguzi wa maiti uliufichua uongo huo: kilichowaua ni kipigo. Mwezi Julai suala hilo lilizua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza, na Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, akaishambulia serikali ya chama chake mwenyewe. Leo kuna shule ya sekondari mjini Hola yenye jina la Mau Mau.

Uhuru ulipopatikana, skimu iliendelea na wakulima wakapanda pamba, wakitegemea pampu zilizovuta maji kutoka mtoni. Mwaka 1989 Tana ikahama mkondo, pampu zikabaki kando ya mchanga mtupu. Mashamba yakarudi vichaka, na miaka mingi ikapita kabla ya kufufuliwa.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Hola ina gavana, bunge la kaunti na wageni wa ofisini wanaohitaji chakula, malazi na bodaboda. Mto, hata hivyo, haujali cheo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garissa, na mitaa ya kingoni ikahamia kwenye mahema.